Nyumba za kupangisha kisiwani Mombasa: Hati kwanza, mkopo baadaye

ANAYETAKA kununua nyumba ya kupangisha katika kisiwa cha Mombasa hukutana mapema na swali ambalo mwenzake wa Nakuru au Eldoret huenda asilisikie maishani: Je, nyumba hiyo inauzwa pamoja na ardhi au bila ardhi?

Swali hilo si mzaha. Katika mtaa wa Majengo na viunga vyake, kadhalika ng’ambo ya kisiwa huko Kisauni na Likoni, mtu anaweza kumiliki kuta, paa, milango na kodi yote inayokusanywa ndani yake, ilhali udongo ulio chini ya msingi ni mali ya mwingine ambaye naye hulipwa kodi yake ya ardhi. Utaratibu huo hujulikana kwa jina la “nyumba bila ardhi”. Kwa anayeanza biashara hii, kuufahamu kuna faida kubwa kuliko kujua riba ya benki yoyote, kwa sababu aina ya umiliki ndiyo huamua bei, muda wa uwekezaji na mlango wa kubishwa fedha zinapohitajika. Benki haikopeshi kwa sababu ya uzuri wa kuta. Hukopesha kwa sababu ya hatimiliki.

Chimbuko la nyumba bila ardhi

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili hatimiliki za ardhi katika ukanda wa Pwani. Kila aliyedai ardhi alitakiwa kuwasilisha dai lake ili lichunguzwe na, likikubaliwa, apewe cheti. Ardhi ambayo haikudaiwa ilihesabiwa kuwa ya Serikali. Waliofaulu kupata vyeti walikuwa hasa wenye nasaba na uwezo mjini, au waliozifahamu taratibu za ofisi. Wengi waliokuwa wakilima au kuishi juu ya ardhi hiyo hiyo hawakupata chochote.

Bandari ilipopanuka, watu walimiminika kutoka bara na kutoka vijiji vya Pwani kutafuta kazi, na walihitaji mahali pa kulala. Wenye ardhi hawakuuza viwanja. Walivigawa, wakaruhusu watu kujenga na kutoza kodi ya kiwanja mwezi baada ya mwezi. Desturi ya Pwani haikuona ajabu katika jambo hilo, kwa kuwa tangu zamani mnazi uliweza kuwa wa mtu mmoja na shamba ulimosimama likawa la mwingine. Sheria ya Kiingereza, kwa upande wake, ilikuwa na kanuni tofauti kwamba kilichoshikamana na ardhi ni cha mwenye ardhi. Kanuni hizo mbili zimekuwa zikivutana hadi leo.

Nyumba iliyojengwa juu ya viwanja hivyo ni ile inayojulikana na kila mkazi wa mji: baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na uani jiko, kisima na choo. Umbo hilo liliifaa familia kubwa, na baadaye likafaa zaidi biashara ya kupangisha. Mwenye nyumba, mara nyingi mjane au mzee aliyestaafu, alijibakizia chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyosalia kimoja kimoja. Mahitaji ya makao yalikuwa makubwa kiasi kwamba ughali wa maisha na hali duni ya makazi vilikuwa miongoni mwa malalamiko yaliyochochea mgomo mkuu wa wafanyakazi wa Mombasa mnamo Januari 1947.

Hata sasa nyumba ya aina hiyo ndiyo mlango rahisi wa kuingilia biashara. Bei yake huwa ndogo kwa kuwa ardhi haimo, na vyumba sita huleta kodi sita. Mpangaji mmoja akihama, watano wanabaki, jambo ambalo mwenye fleti moja hawezi kujivunia.

Hatari yake ni kwamba mwenye ardhi anaweza kufa, akagawiwa warithi, au akauza kwa mjenzi anayetaka kusimamisha jengo la ghorofa. Hapo mwenye nyumba hugundua kwamba alichonacho ni ruhusa tu ya kukaa. Akitaka kubomoa na kujenga upya, au hata kuongeza ghorofa, atahitaji idhini ya mwenye ardhi, na idara ya mipango ya kaunti haitapitisha ramani bila kuona hati ya kiwanja. Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilikiri kwamba wapangaji wa ardhi wa Pwani ni tatizo linalohitaji suluhisho la kipekee. Serikali yenyewe imeonyesha mara moja gharama ya suluhisho hilo: ilinunua shamba la Waitiki huko Likoni, lenye ekari 930, kisha mnamo Januari 2016 ikaanza kuwapa wakazi hatimiliki. Hakuna anayepaswa kununua nyumba kwa kutarajia kwamba naye atapata bahati kama hiyo.

Kwa hivyo anayeamua kununua nyumba bila ardhi sharti aizingatie kama biashara ya miaka michache. Bei iwe ndogo kiasi kwamba kodi itarejesha mtaji mapema, na asikope mkopo wa miaka 15 kwa ajili ya kitu kinachoweza kuondolewa katika mwaka wa nne. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, amtafute mwenye ardhi ana kwa ana, wala si dalali wake. Aombe idhini ya maandishi ya kubadilisha jina la mlipaji wa kodi ya kiwanja. Adai stakabadhi za kodi hiyo za miaka iliyopita, kwa sababu malimbikizo ya muuzaji humrukia mnunuzi. Tena achunguze hati ya ardhi yenyewe katika ofisi ya usajili. Ikiwa mwenye ardhi ameiweka rehani benki, siku benki itakapoiuza, nyumba zilizo juu yake zitakuwa mashakani ingawa wenye nyumba hawakukopa senti.

Njia bora zaidi, pale inapowezekana, ni wenye nyumba wa kiwanja kimoja kuungana na kununua udongo kutoka kwa mwenyewe. Ni kazi ya subira. Lakini siku wanapopata hati, thamani ya nyumba hupanda bila tofali moja kuongezwa.

Mji wa Kale na warithi wake

Kutoka Majengo kwenda Mji wa Kale ni mwendo mfupi wa miguu, lakini mambo hubadilika. Hapa ardhi na jengo mara nyingi ni vya mmoja. Ugumu ni kwamba huyo mmoja alikwisha kufariki zamani, na jina lililo kwenye hati ni la babu wa wanaouza.

Waislamu nchini Kenya hugawa mirathi kwa sheria ya dini yao, na mizozo huamuliwa na Mahakama ya Kadhi. Chukua mfano wa mwenye nyumba katika barabara ya Ndia Kuu aliyeacha mke, wana wawili na mabinti watatu. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja kwa nane. Sehemu saba zinazobaki hugawanywa, kila mwana akipata mbili na kila binti moja. Hesabu ni nyepesi. Lakini warithi wasipogawana mapema, na mwana mmoja akafariki Muscat akiacha wake na watoto, sehemu zake mbili nazo humeguka, na mama yake aliye hai naye ana fungu humo. Baada ya kizazi cha pili, nyumba moja yenye maduka mawili chini na vyumba vinane juu inaweza kuwa na wamiliki 30, wengine wakiwa Oman, wengine Uingereza, na wengine hawajaonana tangu utotoni.

Mnunuzi anayelipa pesa kwa mrithi mmoja “kwa niaba ya familia” amenunua kesi. Cha kudai ni uamuzi wa Kadhi unaotaja warithi wote na mafungu yao, hati iliyokwisha kuhamishwa kwa majina yao au kwa msimamizi wa mirathi, na saini ya kila mmoja. Anayeishi ng’ambo aweza kuwakilishwa kwa hati ya uwakala, lakini hati hiyo iwe imesajiliwa, iwe bado inatumika, na mtoaji wake awe hai. Uwakala wa kawaida hufa pamoja na aliyeutoa, na wauzaji wasio waaminifu hulitegemea hilo lisijulikane.

Kisha kuna wakfu. Baadhi ya majengo ya Mji wa Kale na maeneo mengine ya kisiwa yaliwekwa wakfu kwa ajili ya msikiti, madrasa au vizazi vya aliyeweka. Mali ya wakfu haiuzwi, hairithiwi wala haitolewi zawadi. Usimamizi wa sehemu kubwa ya mali hizo uko chini ya Tume ya Wakfu, ambayo makao yake yako Mombasa na sheria yake ni ya mwaka 1951. Mtu anaweza kupanga nyumba ya wakfu na kuilipia kodi, lakini anayejitokeza kuiuza anauza asichonacho. Ni busara kuuliza katika ofisi ya Tume hata pale ambapo muuzaji anaapa kwamba hakuna wakfu, maana wakfu wa kifamilia wakati mwingine husahauliwa na wenye familia wenyewe.

Linalofuata ni uhifadhi. Mji wa Kale ni eneo lililotengwa kisheria kwa ajili ya kuhifadhiwa, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana ofisi ya uhifadhi huko huko tangu miaka ya 1980. Ngome ya Fort Jesus, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya Turathi za Dunia mwaka 2011, na hilo likaongeza macho yanayotazama majengo jirani. Mwenye nyumba haruhusiwi kuondoa roshani ya mbao, kubadilisha mlango wa nakshi au kupandisha ghorofa bila kibali. Aliyezoea kununua nyumba kuukuu, kuibomoa na kusimamisha fleti za ghorofa tano hapaswi kuanzia Mji wa Kale.

Gharama ya ukarabati nayo si ya kubahatisha. Nyumba nyingi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hupumua: huingiza unyevu na kuutoa. Fundi asiyeujua akiupaka saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, plasta huanza kubanduka baada ya misimu michache, na boriti huoza pale vichwa vyake vinapoingia ukutani. Fundi wa chokaa hugharimu zaidi siku ya kwanza. Ni vyema kwenda na fundi wa aina hiyo kabla ya kukubaliana bei, apande hadi darini na kudunga vichwa vya boriti kwa bisibisi.

Fleti na miliki za muda

Tudor, Kizingo na Ganjoni ndiko waliko wanunuzi wanaotaka fleti yenye hati isiyo na maswali mengi. Hata huko kuna ya kutazama. Viwanja vingine vya kisiwa ni vya umiliki wa kudumu, vyenye asili katika vyeti vya 1908, na vingine ni vya kukodishwa na Serikali kwa miaka maalumu, aghalabu 99. Kiwanja kilichokodishwa kikibakisha miaka 20, bei yake haiwezi kuwa sawa na ya jirani aliyebakisha 70, na benki huenda ikakataa kukipokea kama dhamana. Katiba ya 2010 inamzuia asiye raia kumiliki ardhi kwa zaidi ya miaka 99. Familia zenye jamaa waliochukua uraia wa nchi nyingine zinafaa kulikumbuka hilo, ingawa Katiba hiyo hiyo ndiyo iliyoruhusu uraia wa nchi mbili.

Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2020 ilimwezesha mnunuzi wa fleti kupata hati ya fleti yenyewe, pamoja na fungu lake katika ngazi, uwanja na paa. Kabla ya hapo wengi walikuwa na mkataba wa kukodishwa na mwenye jengo. Anayenunua leo aulize ni ipi kati ya hizo anayopewa, na kama chama cha wenye fleti kimesajiliwa. Pasipokuwa na chama, hakuna anayewajibika pampu ya maji inapoungua.

Uchunguzi katika ofisi ya usajili wa ardhi ni wa gharama ndogo na hakuna kisingizio cha kuukwepa. Ripoti ya Tume ya Ndung’u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi viwanja vya umma kote nchini vilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria, na hati ya ardhi iliyonyakuliwa yaweza kufutwa hata ikiwa imepita mikono mitatu. Mtu asitosheke na hati pekee. Aulize wakazi wa zamani pale palikuwa nini, kiwanja cha michezo, makaburi au nyumba za manispaa.

Hesabu ya mkopo

Ikiwa hati ni safi, sasa fedha. Rehani za nyumba nchini Kenya ni chache mno: kufikia mwisho wa 2023 zilikuwa takriban 30,000 tu katika taifa lenye watu zaidi ya milioni 50. Sababu yake huonekana mara tu mtu anapochukua kalamu.

Tuseme fleti inauzwa Sh8 milioni na hupangishwa kwa Sh60,000 kwa mwezi. Benki inakubali kutoa asilimia 70, yaani Sh5.6 milioni, kwa riba ya asilimia 15 kwa miaka 15. Malipo ya kila mwezi yatakuwa takriban Sh78,400. Kodi yote, kabla hata ya kutoa ushuru na kununua kitasa, haifikii malipo hayo. Mwenye fleti atakuwa akitoa zaidi ya Sh18,000 mfukoni kila mwezi ili mpangaji aendelee kulala vizuri, na mwisho wa miaka 15 atakuwa ameilipa benki zaidi ya Sh14 milioni.

Hesabu ya busara huanzia upande wa pili. Katika mwaka mmoja, tarajia nyumba kukaa tupu mwezi mmoja, hivyo wastani wa kodi ni Sh55,000. Ondoa ushuru wa asilimia 7.5, ambao ni kama Sh4,100, kisha Sh6,000 za ukarabati, ada za kaunti na usimamizi. Zinabaki takriban Sh44,900. Kwa riba ile ile, kiasi hicho kinaweza kubeba mkopo wa Sh3.2 milioni na kisibakize kitu. Mkopo wa Sh2.5 milioni ungelipwa kwa Sh35,000, na hapo pana nafasi ya kupumua. Maana yake ni kwamba mnunuzi awe na Sh5.5 milioni zake mwenyewe, na juu yake Sh320,000 za ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini, pamoja na malipo ya wakili na mthamini.

Nafasi hiyo ya kupumua si anasa. Mwanzoni mwa 2011 riba ya msingi ya Benki Kuu ya Kenya ilikuwa chini ya asilimia 7. Ilipofika Desemba mwaka huo ilikuwa asilimia 18, na waliokuwa na rehani waliletewa barua za riba zilizozidi asilimia 20. Bunge liliweka kikomo cha riba mnamo Septemba 2016, lakini kikaondolewa Novemba 2019. Mwezi Februari 2024 riba ya msingi ilipanda tena hadi asilimia 13. Riba ikifika asilimia 20, ule mkopo mdogo wa Sh2.5 milioni hulipwa kwa takriban Sh43,900, yaani karibu kodi yote iliyosalia. Aliyekopa Sh5.6 milioni huwa amekwisha kupigiwa mnada.

Na mnada una utaratibu wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, benki humpa mkopaji ilani ya miezi mitatu kurekebisha deni, kisha ilani nyingine ya siku 40 ya kusudio la kuuza, kabla ya dalali kutoa ya kwake ya siku 45. Nyumba ya ndoa haiwezi kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Wanaopata matatizo mara nyingi huzifungia barua hizo kabatini. Afadhali kwenda benki baada ya barua ya kwanza, wakati ambapo bado kuna la kujadili.

Vyama vya akiba na mikopo hutumika sana na wanaoanza, wakiwemo wafanyakazi wa bandari na walimu. Kwa kawaida mwanachama hukopa hadi mara tatu ya akiba yake, akidhaminiwa na wenzake, wala chama hakilazimiki kutazama hati ya nyumba. Mkopo wa Sh2 milioni kwa riba ya asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio hulipwa kwa miaka mitano kwa takriban Sh44,500 kila mwezi. Linganisha na kodi halisi iliyohesabiwa hapo juu: ni karibu sawa, na deni huisha ndani ya miaka mitano badala ya 15. Ndiyo njia pekee yenye mantiki ya kukopea nyumba bila ardhi, ikiwa ni lazima kukopa. Ila wadhamini ni watu, na mwenye ardhi akivunja nyumba, mishahara itakayokatwa ni yao.

Kwa wasiotaka riba, benki za Kiislamu zilifungua milango nchini mwaka 2008: Gulf African Bank, na First Community Bank ambayo ilinunuliwa na Premier Bank ya Somalia mwaka 2023 na kubadilishwa jina. Mtindo mmoja ni murabaha, ambapo benki hununua na kumuuzia mteja kwa bei ya juu iliyotajwa wazi na kulipwa kwa awamu. Mwingine ni ushirika unaopungua: benki na mteja hununua pamoja, mteja hulipia kodi fungu la benki na kulinunua kidogo kidogo hadi liishe. Tofauti ya kidini ni kubwa kwa wanaoijali. Tofauti ya malipo ya kila mwezi si lazima iwe kubwa, na hesabu ile ile ya kodi dhidi ya malipo yafaa kufanywa. Hati safi huhitajika huko pia.

Wapangaji, maji na ushuru

Jengo la Mji wa Kale au la Mtaa wa Biashara mara nyingi huuzwa likiwa na mpangaji wa duka aliyekaa miaka 30. Mnunuzi hupata mpangaji huyo pamoja na ulinzi wake. Sheria ya wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa, Sura ya 301, humlinda asiye na mkataba wa maandishi, na hata mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Kodi haipandishwi wala mpangaji hafukuzwi bila ilani ya miezi miwili katika fomu maalumu, na akipeleka pingamizi mbele ya jopo la kodi za biashara, ilani husimama hadi uamuzi utolewe. Kwa sababu hiyo wapo wapangaji wanaolipa kodi ya enzi nyingine na kukabidhi duka kwa mwingine kwa fedha za kilemba ambazo mwenye jengo hazioni. Bei ya jengo hupimwa kwa kodi inayolipwa sasa, si ile ambayo muuzaji anasema “ingeweza” kulipwa.

Kwa makazi, Sura ya 296 huwalinda wanaolipa kodi isiyozidi Sh2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho vyumba vingi kisiwani vimekwisha kukipita. Anayelipa zaidi kwa mwezi bila mkataba wa muda anastahili ilani isiyopungua mwezi mmoja. Kufunga mlango kwa kufuli la mwenye nyumba au kung’oa bati la paa ili mpangaji ahame, vitendo ambavyo bado vinasikika, humfanya mdai kuwa mshtakiwa. Mkataba wa kurasa mbili, amana ya mwezi mmoja na orodha ya vilivyomo chumbani, ikiwa na saini zote mbili, huzuia ugomvi mwingi.

Mpangaji wa Mombasa huuliza maji kabla ya kuuliza kodi. Kaunti yenye watu 1,208,333 kwa hesabu ya 2019 hutegemea vyanzo vilivyo mbali, kama chemchemi za Mzima ambazo bomba lake lilikamilika miaka ya 1950, na mgao ni jambo la kawaida. Visima vya kisiwani vina chumvi. Tangi kubwa chini, pampu na tangi la juu hugharimu pesa nyingi mwanzoni, lakini nyumba isiyo navyo hukaa tupu, na mpangaji wake huishia kununua mitungi ya mkokoteni kisha kuchelewesha kodi.

Kipato cha wapangaji nacho hutegemea bandari na watalii. Agizo la 2019 la kusafirisha makontena kwa reli hadi Nairobi liliwaacha wengi wa sekta ya uchukuzi na forodha bila kazi hadi lilipoondolewa Septemba 2022. Mwezi Mei 2020, wakati wa janga la corona, Mji wa Kale ulifungwa kwa wiki kadhaa, watu wakazuiwa kuingia na kutoka. Mwenye nyumba asiye na akiba ya malipo ya miezi sita hakuwa na pa kukimbilia katika vipindi hivyo.

Ushuru wa kodi ya makazi ulishushwa kutoka asilimia 10 hadi 7.5 kuanzia Januari 2024. Humhusu mkazi anayepokea kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka. Hutozwa juu ya kodi yote iliyopokewa bila kuondoa gharama yoyote, na hulipwa kwa Mamlaka ya Ushuru, KRA, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Haubagui kati ya nyumba yenye ardhi na isiyo nayo: mwenye vyumba sita vya Sh5,000 Majengo hupokea Sh360,000 kwa mwaka akiwa na wapangaji mwaka mzima, kwa hivyo naye yumo, na ile kodi ya kiwanja anayompa mwenye ardhi haimpunguzii kitu. Siku atakapouza kwa faida, kuna pia ushuru wa faida ya mtaji wa asilimia 15, uliopanda kutoka asilimia 5 mnamo Januari 2023. Ushuru huo hulipwa na muuzaji, na stakabadhi za alichonunulia na alichokarabatia ndizo hupunguza faida inayohesabiwa. Kwa hivyo zihifadhiwe tangu siku ya kwanza, hata za fundi wa chokaa.